Meza ya Kazi ya Jikoni Iliyoundwa kwa Samani za Zamani

Karatasi hii ni ya mkulima mdogo aletaye mazao yake Dar es Salaam, na ya mama wa nyumba atakayeitumia meza yenyewe. Yaeleza namna ya kuunda meza ya kazi isimamayo katikati ya jiko, kwa kutumia kabati kuukuu, mlango mkuukuu na kitanda kilichovunjika. Tena yaeleza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau: mbao za zamani zaweza kuwa na wadudu ndani yake, na mbao hizo zikipelekwa katika nyumba yenye mahindi, hasara yake yaweza kuipita thamani ya meza. Kwa hiyo isome karatasi yote kabla hujatoa fedha yako.

1. Faida za meza isimamayo katikati

Katika nyumba za Kiswahili zilizojengwa Kariakoo tangu zamani, vyumba huelekeana kuume na kushoto kwa ukumbi mmoja, na nyuma uko ua. Uani ndipo chakula kipikwapo, na mara nyingi wapangaji wa vyumba vyote huutumia ua huo mmoja. Shambani nako jiko huwa banda la peke yake. Mahali pote pawili kazi nyingi hufanyika chini: mboga hukatwa chini, unga huchungwa chini, vyombo huoshwa chini, na kuku na watoto hupita papo hapo.

Meza haiji kukiondoa kigoda wala mbuzi ya kukunia nazi. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini kazi za kuosha, kukata, kuchambua na kupakua hufaa zaidi zikifanywa juu. Kwanza, chakula huwa mbali na vumbi na maji machafu ya ua. Pili, mgongo wa mpishi hupumzika. Tatu, meza iliyosukumwa ukutani hutumiwa na mtu mmoja au wawili tu. Bali iliyo katikati huzungukwa pande nne, hata mama na wanawe, au wapangaji wawili, waweza kufanya kazi pamoja bila kugongana.

Kwa mkulima iko faida ya nne. Juu ya meza pana yenye mwanga, punje za mahindi na karanga zilizooza, zilizosinyaa au zilizoota ukungu huonekana upesi na kutolewa. Jambo hili si dogo. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine wakafa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Kinga ya kwanza ni kukausha mazao vema baada ya kuvuna. Kuchambua punje mbovu ni kinga ifuatayo, nayo hufanyika vizuri juu ya meza kuliko juu ya mkeka gizani.

2. Mahali pa kupata vifaa

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokaa hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Jumba kubwa la soko, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua moto mwezi wa Julai 2021. Lakini Kariakoo si jumba hilo peke yake. Ni mitaa mizima ya maduka. Katika maduka ya vyuma ya mitaa hiyo na ya Gerezani utapata skrubu, bawaba, gundi ya mbao na msasa. Mafundi seremala wengi wako Keko, nao huweza kukukatia mbao kwa msumeno wao kwa ujira mdogo kuliko kununua msumeno wako.

Mbao zilizo bora mara nyingi hutoka mahali usipopatazamia. Kwa miaka mingi nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa, na ghorofa kujengwa mahali pake. Milango, madirisha na makabati ya nyumba za namna hiyo huweza kuwa ya mti mgumu ambao leo ni ghali sana kuununua mpya. Mwenye kuuliza mapema, kabla havijavunjwa kuwa kuni, huvipata kwa bei nafuu.

Usinunue chombo usichojua kimetoka wapi. Omba stakabadhi yenye jina la mwuzaji, tarehe na bei, uihifadhi mpaka ufike kwako. Tena fahamu kuwa mazao ya misitu husimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ikiwa wataka kusafirisha mbao nyingi zilizobomolewa, waulize kwanza Wakala wa Huduma za Misitu kabla hujapakia garini.

3. Kuijua mbao njema

Mvule, mninga na mkongo ni miti isiyopendwa sana na mchwa, nayo hustahimili unyevu. Mtiki pia ni mwema. Ukikwaruza kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana, utaiona rangi ya mti wenyewe chini ya uchafu: mninga huwa na rangi ya kahawia yenye wekundu, na mvule huwa na rangi ya dhahabu igeukayo kuwa kahawia. Mbao za msonobari ni nyepesi na rahisi kukata, zafaa kwa rafu za ndani, lakini hazifai kwa miguu isimamayo juu ya udongo, maana mchwa huzila upesi.

Jihadhari na kabati lililotengenezwa kwa chenga au unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Kwa nje lang'aa kama mbao kamili, lakini ukitazama ukingo uliovunjika utaona chenga. Likipata maji hufura, na skrubu haishiki tena. Kabati la namna hiyo liache, hata likiuzwa rahisi.

4. Kukagua wadudu

Hapa ndipo penye hatari, basi usifanye haraka.

Wakulima wengi wamjua dumuzi, ambaye wengine humwita Scania. Asili yake ni Meksiko na Marekani ya Kati. Huku kwetu alianzia mkoa wa Tabora, akatambuliwa mwaka 1981, kisha akaenea. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na nusu. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande kifupi cha kalamu, rangi yake ni kahawia nyeusi, na kichwa chake kimeinama hata hakionekani ukimtazama kutoka juu. Hutoboa mahindi na makopa, akaacha unga mwingi. Watu humhesabu kuwa mdudu wa nafaka tu. Lakini jamaa yake ni ile ya wadudu wanaobungua mbao, na yeye mwenyewe huweza kutoboa mbao na kukaa ndani yake. Wadudu wengi waonekanao katika samani kuukuu si dumuzi. Walakini mkulima mwenye magunia ya mahindi chumbani hana sababu ya kubahatisha.

Fanya hivi kabla ya kununua:

(a) Tazama pande zote, hasa chini, nyuma na ndani ya droo, mahali ambapo rangi haikufika. Matundu madogo ya mviringo ni alama ya wadudu.

(b) Tandika kitambaa cheusi chini ya chombo, kisha ukigonge kwa nyundo ya mti. Unga mpya mweupe au wa manjano ukianguka, wadudu wangali hai ndani.

(c) Choma miguu kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama bila nguvu, mti umeliwa ndani.

(d) Tafuta njia za udongo za mchwa katika pembe na maungio.

(e) Kitanda kikague katika matundu ya matendegu yanapoingia mifumbati na vitakizo, maana humo ndimo kunguni hujificha.

Ubao wenye unga mpya usiununue. Na ikiwa umekwisha kuununua, usiupeleke nyumbani. Ubao wenye matundu ya zamani yasiyotoa unga waweza kutumika, lakini kwanza uweke peke yake, mbali na nyumba na ghala, juu ya karatasi au kitambaa kikavu, kwa majuma mawili au zaidi, ukiutazama mara kwa mara. Unga ukionekana, uchome moto. Usipoonekana, ziba matundu yote kwa nta. Hivyo tundu jipya likitokea baadaye utalijua mara moja.

Kunguni na mende huuawa kwa maji yanayochemka yakimiminwa katika maungio na nyufa, kisha mbao zikaachwa zikauke kabisa. Usipake wala usinyunyize dawa ya shamba. Dawa ya kuhifadhi mahindi si dawa ya meza; chakula kitakatwa juu yake, na watoto watailamba kwa mikono yao.

5. Rangi na mbao zilizotiwa dawa

Rangi za zamani nyingi zilichanganywa na risasi. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo, kwa kuwa hudumaza akili zao. Basi usiikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe kwa maji, uikwangue ikiwa majimaji, mbali na watoto na kisima, uikusanye yote katika mfuko na kuitupa panapostahili. Njia iliyo salama zaidi ni kuchagua ubao usio na rangi kwa ajili ya uso wa meza.

Mbao za rangi ya kijani kibichi huenda zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye sumu ndani yake. Hizo zafaa kwa nguzo za ua wa ng'ombe, wala si kwa meza ya chakula. Tena zipo mbao za majukwaa ya kubebea shehena zitokazo bandarini. Tangu kanuni ya mataifa ya mwaka 2002, mbao hizo hupigwa mhuri. Herufi HT maana yake zimetibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake zimefukizwa gesi ya sumu. Chukua zenye HT, acha zenye MB na zisizo na mhuri wowote.

Mbao zote zenye rangi au dawa zisitumike kuwa kuni za kupikia, maana moshi wake ni sumu.

6. Vipimo na vifaa

Kimo cha meza hutegemea mpishi. Mpishi na asimame wima, akunje kiwiko. Uso wa meza na uwe chini ya kiwiko hicho kwa sentimita 10 hivi. Kwa watu wengi kimo hicho huwa kati ya sentimita 80 na 90.

Mfano wa meza yetu ni huu: kabati fupi lenye urefu wa sentimita 110, upana 50 na kimo 60, mlango wa mbao uliosawazika, utakaokuwa uso wa meza, na mbao za kitanda kwa ajili ya kiunzi cha chini. Kiunzi chenye kimo cha sentimita 20, kabati la 60 na uso wa unene wa 4 hufanya jumla ya sentimita 84. Kabati lako likiwa na vipimo vingine, ongeza au punguza miguu.

Vyombo vya kazi ni msumeno, nyundo, kekee, bisibisi, patasi, randa, msasa, kamba na kipimo cha pembe.

7. Namna ya kuunda

Kwanza. Toa milango na droo za kabati. Lisugue kwa maji ya sabuni na brashi, kisha likauke kivulini. Ukilikausha juani ghafula, mbao zitapinda.

Pili. Pima kabati kwa kamba kutoka pembe hata pembe kwa mshazari, kisha upime mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, kabati limesimama mraba. Visipolingana, sukuma pembe iliyo ndefu mpaka vilingane, ndipo ukaze maungio kwa gundi na skrubu.

Tatu. Angalia mgongo. Kabati lililozoea kuegemea ukuta huwa na mgongo mwembamba, nalo likisimama katikati litayumba. Ondoa ubao huo mwembamba, na mahali pake upigilie mbao nene mbili au tatu kwa kulala, zikishika nguzo zote mbili. Nafasi kati ya mbao hizo yaweza kuwa rafu ya upande wa pili.

Nne. Tengeneza kiunzi. Kata mifumbati ya kitanda upate mbao mbili za sentimita 110 na mbili za sentimita 45, zote zikiwa na upana wa sentimita 10. Zile mbili fupi ziwe kati ya zile ndefu, na ukilinganisha unene wa mbao, kiunzi kizima kitimize upana wa kabati. Kata matendegu upate miguu minne ya sentimita 20, ukaiweke ndani ya pembe nne za kiunzi. Uzito wa kabati na ushuke juu ya miguu, wala usining'inie juu ya skrubu. Kila mguu upate skrubu mbili upande huu na mbili upande huu. Mvule na mninga hupasuka. Basi toboa kwanza kwa kekee, na skrubu uipake sabuni, itaingia bila kuvunjika.

Tano. Weka kabati juu ya kiunzi. Likaze kwa skrubu kutoka ndani ya kabati kwenda chini. Chini ya kiunzi itabaki nafasi ya sentimita 10. Iache wazi, ili ufagio upite, na panya wala mchwa wasipate maficho.

Sita. Kata mlango upate uso wa sentimita 120 kwa 70. Hivyo uso utatokeza sentimita 10 mbele na 10 nyuma, na sentimita 5 kila kichwa, mpishi apate nafasi ya vidole vya miguu. Upige randa mpaka usawazike. Usiugandishe kwa gundi. Ubao mpana hufura wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukizuiliwa, utapasuka. Ushike kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya skrubu katika kabati yawe marefu kidogo kwa upana wa meza, ili ubao upate kucheza.

Saba. Weka juu ya meza bakuli pana lenye maji. Maji yakiegemea upande mmoja, kata kidogo mguu ulio mrefu au weka kigae chini ya mguu ulio mfupi. Kisha itikise meza kwa mikono miwili. Ikiyumba, ongeza ubao wa mshazari ndani ya kiunzi. Meza iyumbayo na kisu kikali havipatani.

8. Uso wa meza

Uso wa mti mgumu usio na rangi waweza kubaki wazi. Usugue kwa msasa, kisha upake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya kula. Chombo cha nta kiwekwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto; usikitie juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka. Paka tena kila uonapo maji yanazama katika mbao badala ya kusimama kama umande. Mwenye uwezo aweza kufunika uso kwa bati lisiloshika kutu, au kwa vigae vyeupe, ambavyo hufaa sana kwa kuchambua nafaka. Nyama na samaki vikatwe juu ya ubao wa peke yake, uoshwe kwa sabuni na kukaushwa juani.

9. Kuiweka na kuitunza

Acha nafasi ya sentimita 90 au mita moja kila upande, mtu apite na sufuria ya moto bila kumgonga mwenziwe. Nafasi isipotosha, punguza meza, usipunguze njia. Meza isiwe karibu na mafiga, wala jiko la mkaa lisiwekwe juu yake kamwe.

Miguu isimame juu ya mawe bapa au saruji, isiguse udongo. Watu wengine huweka miguu katika makopo ya maji ili kuzuia sisimizi. Desturi hiyo ina madhara katika mji. Homa ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huletwa na mbu wazaliwao katika maji safi ya makopo na vyombo vidogo. Ukitumia makopo, yamwage na kuyasugua ndani kila juma bila kukosa, maana mayai ya mbu hushika ukingoni hata maji yakimwagwa. Ni heri zaidi kufuta meza kila jioni, wala usiache kitu cha kuwaita sisimizi.

Nafaka nyingi isiwekwe katika kabati la meza. Weka humo vyombo, na unga wa siku chache tu katika kopo lenye kifuniko.

10. Hesabu kabla ya kununua

Andika bei ya kabati, mlango, kitanda, skrubu na gundi, ujira wa fundi, ujira wa mkokoteni mpaka stendi, na nauli ya mzigo mpaka kwako. Jumla yake ikikaribia bei ya meza mpya ya seremala wa kijijini mwako, acha. Samani kuukuu ni faida kwa mwenye kuhesabu, na hasara kwa mwenye kupendezwa upesi.

Mambo ya kukumbuka

Kagua kabla ya kulipa. Ubao utoao unga mpya usiingie nyumbani. Ubao wenye shaka ukae peke yake majuma mawili au zaidi. Rangi kuukuu ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa. Dawa ya shamba isiguse meza ya chakula. Miguu isiguse udongo.

Ukimwona katika mbao mdudu usiyemjua, usimpondeponde ukamsahau. Mtie katika chupa yenye kifuniko, pamoja na unga aliouacha, umpelekee Bwana Shamba wa kata yako. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo yaweza kuokoa ghala lako na maghala ya jirani zako.